Usimwite fahali maksai

Msomaji wa Njoro, Nakuru, ananiuliza: "Mwalimu, hapa kwetu mnadani kila mtu husema 'hefa'. Kiswahili chake ni mtamba au mfarika? Na akishika mimba, jina linabadilika?"

Ni mtamba, ndugu yangu: ng'ombe jike aliyekua lakini hajazaa. Mfarika si kosa, ila mimi nimezoea kulisikia kwa mbuzi na kondoo. Mimba haimwondolei mtamba jina lake, kuzaa ndiko kunakomwondolea. Siku ndama anapodondoka, mama yake amekuwa mbuguma. Kwa hiyo anayekuuzia "mtamba" aliyekwisha nyonyesha amekudanganya umri na bei. Hefa nalo, lisemeni huko mnadani. Nimelisikia miaka mingi na halijaharibu maana ya neno lingine lolote.

Maksai ndilo linaloniumiza.

Mwaka jana nilikuwa Kakamega, njiani kuelekea Khayega, nikaona bango ukutani mwa duka: "Pambano kali la maksai, Jumamosi alfajiri." Nililisoma mara tatu. Maksai ni dume aliyehasiwa! Alibanwa koleo, ukali ukamtoka, shingo ikazoea nira. Huyo ndiye anayevuta plau kule Bungoma na Kitale, wawili wawili, mtoto akitangulia na kamba. Kazi yake naiheshimu sana. Mahindi mengi tuliyokula utotoni yalipandwa nyuma ya kwato zake. Lakini uwanjani Malinya au Shinyalu hana shughuli. Anayepelekwa pale jua halijapanda, ngoma za isukuti zikilia na vijana wakikimbia ubavuni mwake, ni fahali: dume kamili asiyeguswa na koleo, anayeparura udongo na kukoroma akimwona mwenzake. Ukimwita maksai umemhasi kwa kalamu, na mwenyewe aliyemlisha miaka yote hiyo umemtukana mbele ya kijiji.

Nilimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu na duka lile. Alilitazama bango, akatikisa kichwa. "Maksai hupigana na magugu," akasema, akarudia chai yake.

Nadhani neno limewaponza watu kwa uzito wake mdomoni. Linasikika kama la ubabe, basi mtu hulitwaa bila kuuliza. Siku hizi hata mashabiki wa wanasiasa husimama kwenye mkutano wakipaza sauti, "Maksai wetu huyo!" naye mheshimiwa anapunga mkono. Hakuna hata mmoja pale jukwaani wa kumnong'oneza alichoitwa. Asili ya maneno haya ingetosha kutuzuia. Yote mawili yametoka Kiarabu: fahali kwa fahl, yaani dume, na maksai kwenye mzizi uleule uliotupa kitenzi cha kuhasi. Waliokopa walijua wanachokopa.

Kuna na jirani wa kosa hili, na hapa watu wa Nakuru mnivumilie. Andikeni fahali, kwa l. "Fahari wawili hawakai zizi moja" si methali ya mtu yeyote. Fahari ni utukufu, ni kujivunia jambo, na haina pembe. Mafahali ndio wasiokaa pamoja, kwa kuwa kila mmoja anataka majike wote wawe wake. Weka maksai wawili katika zizi hilohilo, watalala ubavu kwa ubavu mpaka asubuhi. Methali nzima imesimama juu ya tofauti hiyo, nasi tunaifuta kwa uvivu wa kutofungua kamusi.

"Ng'ombe dume" nitalivumilia. Ni maelezo zaidi kuliko jina, lakini halimdanganyi mnunuzi wala halimvunjii mnyama heshima. Anayeshindwa kukumbuka fahali na atumie hilo.

Na aliyechapisha bango la Khayega, akichapisha jingine, aandike "mafahali". Njia ile naipita kila mwezi, na bado nalisoma.