Shabiki wa Bulls aliye Kisumu anamjibu ndugu wa Nakuru

Ndugu wa Nakuru, umeuliza mambo mawili. Kwanza, je, ni upumbavu mtu aliye Nakuru kukosa usingizi kwa sababu ya maamuzi ya ofisi, yaani uongozi, ya Chicago Bulls, timu ya kikapu ya ligi ya NBA huko Marekani? Pili, je, uuze jezi yako ya Derrick Rose, nyota wetu wa zamani, utafute timu nyingine? Tena ukaandika maneno kuhusu familia za wachezaji, nayo nitayafikia. Wengi hapo juu wamekujibu kwamba huo ni mchezo tu, ulale. Mimi siwezi kukuambia hivyo. Nimeishabikia timu hii tangu nikiwa mtoto, na kwa miaka mitano nilikuwa mweka hazina wa timu ya kikapu ya mtaa hapa Kisumu. Kwa hiyo nimewahi kuwa shabiki aliyefungiwa mlango wa ofisi, na nimewahi kuwa ndani ya ofisi yenyewe, ingawa yetu ilikuwa meza moja na daftari.

Nianze na kofia. Kaka yangu mkubwa aliniletea kofia ya Bulls kutoka Kibuye, Jumapili moja, kwenye marundo ya mitumba. Sikujua lolote kuhusu kikapu. Nilimpenda tu yule fahali mwekundu mwenye macho makali. Miaka ile ungepita Kondele ungemwona fahali huyo kwenye fulana, kwenye kofia, hata amechorwa ubavuni mwa matatu. Nilipokua ndipo nikaelewa kwamba timu hiyo ilikuwa imebeba mataji sita, 1991 hadi 1993 na tena 1996 hadi 1998, halafu ikavunjwa mara tu baada ya taji la sita. Msimu uliofuata ulikuwa mfupi, wa mechi 50, nao wakashinda 13. Nilianza kukijua kikapu wakati timu yangu ilikuwa imeshaanguka, kwa hiyo usidhani nakuandikia kama mtu aliyezoea kushinda.

Aliyenifunga kwenye timu hii moja kwa moja si Michael Jordan, nyota wa mataji yale. Ni Luol Deng. Mtu aliyezaliwa Wau, Sudan Kusini, familia yake ikakimbia vita hadi Misri kisha Uingereza, naye baadaye akawa Chicago akicheza karibu kila dakika ya mechi. Huku kwetu kando ya ziwa tulimwona ndugu. Kila kijana mrefu aliyekuja uwanjani aliitwa Deng. Aliteuliwa kucheza mechi ya nyota mwaka 2012 na 2013. Kisha Januari 2014 ofisi ikampeleka Cleveland, ikampokea Andrew Bynum na kumwachilia papo hapo. Hiyo ndiyo siku niliyoikasirikia ofisi kwa mara ya kwanza. Zamani nilikuwa nawakasirikia wachezaji.

Juni 2017 wakampeleka Jimmy Butler Minnesota. Waliopatikana walikuwa Zach LaVine, Kris Dunn na haki ya kumchagua Lauri Markkanen, na ningeweza kuelewa, maana kujenga upya ni kujenga upya. Kilichoniuma ni jambo dogo la usiku uleule. Walikuwa na haki ya kuchagua mchezaji wa 38 kati ya vijana wapya wanaoingia ligi, wakaiuza kwa timu ya Golden State kwa dola milioni 3.5. Timu inayosema inajenga upya, ina uwanja unaochukua watu zaidi ya 20,000 na miongoni mwa mahudhurio makubwa kabisa katika ligi yote, inauza mbegu wakati wa kupanda! Aliyechaguliwa kwa haki hiyo, Jordan Bell, alivaa pete ya ubingwa mwaka uliofuata. Hakuwa nyota, lakini hilo si hoja. Hoja ni kwamba siku ile walituonyesha wanachokithamini. Ongeza hapo kwamba katika historia yao yote wamewahi kulipa ile kodi inayotozwa timu zinazopita kikomo cha mishahara mara moja tu, msimu wa 2012-13.

Mwaka 2020 uongozi ulibadilishwa, wakaja Artūras Karnišovas na wenzake, nami nikapata matumaini kama wewe. Wachezaji DeMar DeRozan, Lonzo Ball na Alex Caruso wakaja, na Januari 2022 tulikuwa juu ya msimamo wa Mashariki, kundi moja kati ya mawili ya ligi. Kisha goti la Lonzo likaharibika na hakurudi uwanjani hadi Oktoba 2024. Goti si kosa la mtu. Kosa ni lililofuata. Februari 2022, Februari 2023, Februari 2024, kila mara dirisha la kubadilishana wachezaji lilipofungwa, Bulls hawakuwa wamemleta wala kumwondoa mchezaji hata mmoja. Kuanzia msimu wa 2022-23, ushindi 40, halafu 39, halafu 39 tena, kati ya mechi 82.

Najua uliona yaliyotokea Aprili 2023, kwenye mechi za kuwania nafasi za mwisho za kuingia mchujo wa ubingwa, kwa sababu umeyataja, ila acha niseme niliyaonaje mimi. Mechi ya Toronto ilianza saa nane usiku kwa saa zetu. Stima ilikuwa imepotea Manyatta nzima, nikatazama kwenye simu iliyobaki na chaji ya kuhesabu, bando nikiwa nimenunua kwa pesa ya nauli. Binti yake DeRozan alikuwa akipiga kelele kila mchezaji wa Toronto alipokwenda kurusha mitupo huru, nao wakakosa 18 kati ya 36. Tukashinda 109 kwa 105. Nilitoka nje nikasimama gizani nikiwa nimeziba mdomo nisiamshe majirani. Siku mbili baadaye tukaenda Miami. Tulikuwa mbele zikiwa zimebaki dakika chache, tukafungwa 102 kwa 91. Waliotuua? Jimmy Butler pointi 31, Max Strus pointi 31. Wote wawili waliwahi kuvaa jezi yetu, na ofisi yetu ndiyo iliyowaachia. Asubuhi nilifungua duka bila kulala.

Mwaka 2024, Miami tena wakatutoa, na safari hii Butler hakucheza, alikuwa ameumia. Mwaka 2025, Miami tena, kwetu Chicago, 109 kwa 90. Miaka mitatu, mlango uleule, timu ileile.

Sasa kuna mdau amesema hapo juu kwamba kuwa katikati ni afadhali kuliko kuwa mkiani. Kwa ligi za soka tulizozoea anaweza kuwa sawa, kwa sababu aliye mkiani hushuka daraja. NBA hakuna kushuka. Kuna drafti (siyo ile ya vifuniko vya soda chini ya mwembe), ambapo timu huchagua vijana wapya, na nafasi za juu hupigiwa kura ya bahati kwa timu zilizokosa mchujo. Kwa utaratibu ulioanza 2019, timu tatu mbovu zaidi zilipewa asilimia 14 kila moja ya kupata chaguo la kwanza. Sisi tulioshinda mechi 39 tulipata asilimia mbili au pungufu. Kwa hiyo wa katikati hana nguvu ya kushinda leo wala hana kijana wa kumshindia kesho.

Najua utaniambia kuhusu Dallas. Ni kweli, na bado inauma. Msimu wa 2024-25 Dallas na Bulls walimaliza sawasawa, ushindi 39 na vipigo 43. Ikapigwa kura ya kuwatenganisha, Dallas wakatangulia. Kisha kwa asilimia 1.8 tu wakashinda chaguo la kwanza na kumchukua Cooper Flagg. Sisi tukachagua wa 12. Rose mwenyewe, yule aliye mgongoni mwako, tulimpata mwaka 2008 kwa asilimia 1.7. Bahati ipo. Lakini ofisi inayolipwa kwa kazi ya kupanga haiwezi kukaa miaka minne ikingoja bahati na kuiita mpango.

Nakuja kwa kile kilichonifanya niandike kirefu hivi.

Timu yetu ya mtaa ilikuwa inafanya mazoezi kwenye uwanja wa saruji wa shule moja, ringi zisizo na nyavu, na kila msimu wa ligi ya kanda tulimaliza wa tano au wa sita. Tulikuwa na senta wa miaka 19, kijana mtulivu, mikono mirefu, anayedaka kila mpira unaogonga ubao. Timu moja ya Nairobi ikamtaka. Walitupa seti ya jezi na pesa ya usafiri wa msimu. Sisi kamati tukakubali jioni moja, watu watano kwenye viti vya plastiki. Nilijua sababu kwa kuwa daftari lilikuwa langu: tulikuwa tunadaiwa na mwenye matatu aliyetubeba hadi Kakamega na Eldoret, na hatukuwa na pesa.

Wachezaji walipouliza, mwenyekiti akawaambia, "Tunajenga. Muwe na subira." Nami nilikuwepo, nikanyamaza.

Hatukuwa tunajenga kitu. Tulikuwa tunalipa deni. Na nikwambie nilichogundua nikiwa ndani: nafasi ya tano ni tamu sana kwa kiongozi. Ukiwa wa mwisho, watu wanaitisha mkutano. Ukiwa wa kwanza, watu wanataka ubaki wa kwanza. Ukiwa wa tano hakuna anayekuja kukuuliza neno, wazazi bado wanakuja Jumamosi, mwenye soda anauza, na wewe unaitwa mheshimiwa. Msimu ulipoisha vijana wanne walikuwa wameondoka. Nilimfuata mmoja wao kwao Nyalenda nikamsihi arudi. Akaniambia bila hasira, "Mzee, mngetuambia hakuna pesa tungechanga." Ni kweli wangechanga. Baadhi yao walikuwa waendesha boda, wangetoa shilingi hamsini hamsini na deni lingekwisha kabla ya mvua za Aprili. Tuliwanyima ukweli, tukampoteza senta, kisha tukawapoteza na wao.

Kwa hiyo ninaposikia ofisi ya Chicago ikisema mwaka baada ya mwaka kwamba inataka timu ya kushindana, naijua sauti hiyo. Niliisikia kwenye viti vya plastiki. Hapana, ndugu yangu, si upumbavu kukasirika. Hukasiriki kwa sababu ya kushindwa, umeshashindwa mara nyingi na bado uliamka. Unakasirika kwa sababu unaombwa subira na mtu asiyekuambia unasubiri nini.

Ila hasira ielekee panapostahili. Januari 2024 timu iliwaenzi watu wake wa zamani pale United Center, uwanja wetu, na jina la Jerry Krause, meneja aliyezijenga timu za mataji sita, lilipotajwa, uwanja ukazomea. Krause alifariki 2017. Aliyekuwa amekaa pale ni mjane wake, akalia mbele ya dunia. Nilizima simu. Huyo ndiye mtu aliyemleta Scottie Pippen, nyota mwenzake Jordan, na kumpa Phil Jackson ukocha, na hata kama hukumpenda, mama yule alikosa nini? Mmiliki ni Jerry Reinsdorf, tangu 1985. Kama una neno la kuzomea, anayeweza kubadilisha jambo ni aliye hai na mwenye kalamu ya hundi. Kwa hiyo yale maneno uliyoyaandika kuhusu familia za wachezaji, nakuomba kwa heshima uyafute.

Kuhusu kuhama. Ukitaka kuona ofisi inayofanya kazi, mfuate Deng. Baada ya kustaafu alichukua uongozi wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, nchi isiyokuwa na hata ukumbi mmoja wa ndani wa kuchezea, akatoa pesa zake mwenyewe kwa safari na kambi. Mwaka 2023 wakacheza Kombe la Dunia. Julai 2024, mjini London, waliwakosakosa Marekani kwa pointi moja, 101 kwa 100, kisha kwenye Olimpiki ya Paris wakawafunga Puerto Rico 90 kwa 79. Tuliitazama ile ya Puerto Rico watu kumi na wawili dukani kwangu, na mama mmoja anayeuza omena jirani akaacha beseni lake akaja kusimama mlangoni. Mtu aliyetolewa na Bulls kwa mchezaji ambaye hawakumtumia hata dakika moja, ndiye aliyefanya hayo.

Jezi ya Rose usiuze. Rose hakukukosea. Aliwapa watu wa kwao Chicago tuzo ya mchezaji bora wa ligi mwaka 2011 akiwa na miaka 22, mdogo kuliko wote waliowahi kuipata, halafu goti likamsaliti. Vaa jezi yake hata kama timu hutaitazama.

Mimi sijahama na sitahama. Nilichobadilisha ni pesa. Baada ya kipigo cha tatu cha Miami niliacha kulipia ile huduma ya ligi ya kutazama mechi zote, nasoma matokeo asubuhi na kutazama vipande vya bure. Nitalipa tena siku watakaposema wazi wanaelekea wapi, hata kama ni mkiani kwa miaka mitatu. Pesa ya msimu wa kwanza nilinunua nyavu mbili na kopo la rangi. Yule kijana wa Nyalenda ndiye aliyepanda ringini kuzifunga, mimi nikimshikia ngazi, na siku hiyo ndipo nilipomweleza habari yote ya deni la matatu.