Kwa mlioanza kazi dawati la Bunge

Wadogo zangu, nimepitia rasimu za majibu ya maswali ya wabunge mlizoandaa hapa wizarani kwa ajili ya mkutano ujao wa Bunge, na karibu zote nimezirudisha. Najua wapo walionuna. Makosa niliyoyakuta ni yaleyale waliyoyafanya waliokaa kwenye viti hivyo kabla yenu, na mimi nimo. Nimeona niyaandike mara moja, kwa sababu sitaki tukutane tena usiku wa manane, saa chache kabla ya Kipindi cha Maswali, tukimsaka Mkurugenzi wa halmashauri ambaye simu yake imezimwa.

Kwanza mjue mmeshika nini. Ibara ya 63 ya Katiba inampa mbunge mamlaka ya kumuuliza waziri swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Hilo swali la barabara ya kata mnaloliona dogo lilianzia kwenye mkutano wa hadhara. Mtu alisimama juani, akanyoosha mkono, akamuuliza mbunge wake mbele ya majirani. Mbunge akaliandika, likapita Ofisi ya Bunge, likafika wizarani, likashuka kwa dokezo hadi mezani pako. Jibu litarudi kwa mtu yuleyule. Mkiandika, mwandikieni yeye.

1. Someni swali mpaka alama ya kuuliza.

Swali linasema, "Je, ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara hii?" Rasimu inaanza, "Serikali inatambua umuhimu wa barabara hii katika kukuza uchumi wa wananchi," kisha aya nzima juu ya umuhimu. Mbunge anaujua umuhimu, gari lake ndilo linalokwama pale kila masika! Ameuliza lini. Kama usanifu wa kina haujakamilika, andika kwamba haujakamilika, taja umefikia hatua gani na unatarajiwa kuisha mwezi gani. Kama hata upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi unawezekana, haujaanza, andika haujaanza. Atakasirika, ni haki yake, lakini atajua pa kuanzia: ataibana wizara kwenye kamati, atasimama wakati wa bajeti. Ukimwambia "Serikali itaendelea kutafuta fedha" hujampa pa kushika, na mwakani swali lilelile litarudi kwako likiwa na hasira zaidi.

Swali lenye kipengele (a) na (b) lijibiwe (a) na (b). Kuna rasimu moja hapa imejibu (a) mara mbili.

2. Jueni swali ni la nani kabla hamjalijibu.

Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, Wakala wa Barabara. Za wilaya, tangu 2017, ni za TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Maji ya vijijini ni RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ya mijini ni mamlaka za maji. Swali lisilo lenu lirudisheni siku hiyohiyo, lisilale kwenye trei likisubiri mtu arudi safari.

3. Kijiji na kitongoji.

Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu kosa hili linafanywa na watu waaminifu kabisa. Wakala wa Nishati Vijijini huhesabu vijiji 12,318 Tanzania Bara. Kijiji kinaingia kwenye hesabu ya waliofikiwa umeme ukishafika kwenye kijiji hicho, na mara nyingi unaanzia penye shule, zahanati na soko. Vitongoji vinavyobaki ng'ambo ya bonde vinaweza kukaa gizani miaka. Sasa mbunge anauliza kuhusu kitongoji, kwa jina lake, nanyi mnamjibu kwamba kijiji husika kimeshafikiwa na huduma ya umeme. Kila neno hapo ni la kweli, na mama aliyeuliza anaendelea kuwasha kibatari. Atakayesikia jibu hilo redioni ataamini amedanganywa, na kwa upande wake yuko sahihi.

Maji yana mtego uleule. "Kijiji kina mradi wa maji" haimaanishi bomba linatoa maji. Ulizeni kama pampu inafanya kazi leo.

4. Fedha iko wapi?

Zilizotengwa, zilizopelekwa na zilizotumika ni fedha tatu tofauti. Halmashauri inaweza kuwa na milioni 50 kwenye kitabu cha bajeti za kukamilisha boma la zahanati, yaani jengo lililosimama kuta tu, ikafika Juni haijapokea hata senti, na ifikapo Julai 1 kitabu kimefungwa na kingine kimefunguliwa. Ukiandika "Serikali imetenga shilingi milioni 50", mwananchi anasikia kwamba zipo benki. Andika zilitengwa kiasi gani, zimepelekwa kiasi gani mpaka tarehe unayoandika, na tarehe yenyewe uitaje.

5. Pigeni simu kijijini.

Hapa nitakaa kidogo.

Nilipokuwa mpya kama ninyi, lilikuja swali kuhusu boma la zahanati. Mnajua historia ya maboma. Sera ya Afya ya 2007 ilitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, wananchi wakaitika. Walichanga, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali, wakapandisha kuta hadi kwenye lenta, wakasubiri Serikali ipaue. Sehemu nyingi walisubiri mpaka miti ikaota ndani ya vyumba. Kijiji hiki kilikuwa kimojawapo, na mbunge wake aliuliza ni lini Serikali itakamilisha boma hilo.

Niliandika kwenda mkoani, mkoa ukaandika halmashauri, majibu yakarudi na jedwali. Nikashuka kwenye jedwali mpaka nikaliona jina la kijiji. Mbele yake pameandikwa: limekamilika, linatoa huduma. Nilifurahi. Jibu zuri, fupi, la kumpa Naibu Waziri sifa. Nikaandika kwamba ujenzi wa zahanati hiyo umekamilika na wananchi wameanza kupata huduma. Mkuu wangu wa kitengo akauliza, "Umethibitisha?" Nikajibu nimethibitisha, nikimaanisha jedwali. Rasimu ikapita kwenye kikao, ikapita kwa Katibu Mkuu, ikaingia kwenye jalada la majibu.

Asubuhi yake Naibu Waziri akasimama, akaisoma kwa sauti ya kujiamini. Mbunge akasimama kwa swali la nyongeza. Hakupiga kelele. Alisema Jumapili iliyopita alikuwa kijijini hapo, ameingia ndani ya boma hilo, na juu aliona mawingu. Akauliza ni wananchi gani wanaopata huduma ndani ya jengo lisilo na paa.

Halmashauri ile ina vijiji viwili vyenye jina moja, katika kata mbili tofauti. Jedwali lilikuwa na safu ya kata. Sikuisoma.

Spika aliagiza swali lijibiwe upya, na jambo hilo lilinifikia ofisini kabla Kipindi cha Maswali hakijaisha. Naibu Waziri hakunigombeza, aliniuliza tu jina la kata, na sikulijua. Kwa siku kadhaa nilidhani aibu hiyo ndiyo adhabu yenyewe. Kisha nikatumwa kuambatana na timu iliyokwenda kukagua, ili jibu jipya liandikwe na mtu aliyeliona jengo.

Tulimkuta mwenyekiti wa kijiji na wazee wachache wametusubiri kwenye kivuli nje ya boma. Walikuwa wamesikia jibu redioni. Mzee mmoja alinisogelea, kwa heshima zote, akanieleza kwamba waliposikia zahanati yao imeanza kazi walifikiri labda imejengwa nyingine upande wa pili wa kijiji bila wao kujua. Wawili walikwenda kuitafuta. Mkwewe alikuwa karibu kujifungua, na walitaka kujua kama wanaweza kuacha kukodi pikipiki ya kumpeleka kata ya jirani.

Sikuwa na la kumjibu. Niliwaza tu wale watu wawili wakizunguka kijiji chao wenyewe, wakitafuta jengo nililoliandika mimi nikiwa Dodoma. Mnielewe vizuri: hawakuidhihaki Serikali. Waliiamini kiasi cha kuamini kwamba macho yao ndiyo yamekosea. Imani ya namna hiyo ndiyo mnayoishika kila mnapoandika "imekamilika", na jibu likishasomwa linaingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, halifutiki. Jibu jipya liliandikwa na likasomwa, lakini atakayeifungua Hansard ya siku ile ataikuta zahanati inayotoa huduma.

Tangu hapo nina kanuni moja ambayo wengi wenu mnaiona usumbufu. Kila swali linalotaja mahali, pigeni simu mahali hapo. Jedwali la mkoa ni la kuanzia. Baada yake mtafuteni Mtendaji wa kijiji, au Mganga Mfawidhi, au Mwalimu Mkuu, au fundi wa pampu. Mwulizeni maswali ambayo mtu aliye mbali hawezi kuyajibu: paa lina rangi gani, nesi anaitwa nani, jana mlihudumia wagonjwa wangapi. Simu ya dakika tano. Mnaniambia mtandao haushiki huko. Basi mpigieni wa kijiji jirani, mwombeni apeleke salamu. Msiniambie muda hautoshi, maana swali halikuingia wizarani jana.

Na kata. Someni safu ya kata, nawasihi. Nchi hii ina Majengo nyingi na Mtakuja nyingi.

6. "Maswali mawili madogo ya nyongeza."

Yanaitwa madogo na hayajawahi kuwa madogo. Jibu la msingi mnaliandaa kwa wiki, la nyongeza waziri analijibu papo hapo akiwa amesimama. Kwa hiyo maelezo ya ziada mnayoambatisha nyuma ya jibu yana uzito kuliko jibu lenyewe. Nimeona wengine wameambatisha historia ya wilaya tangu ukoloni! Waziri atasimama na kurasa hizo mkononi na hatapata kitu. Muwekeeni ukurasa mmoja: mkandarasi ni nani, mkataba unaisha lini, amelipwa kiasi gani, kwa nini amechelewa, kata za jirani zina hali gani. Hilo la jirani msilisahau, kwa sababu mbunge wa jimbo la pili naye atasimama.

Someni pia alichosema mbunge huyo kwenye mikutano iliyopita. Hansard iko wazi kwa kila mtu, na yeye ameisoma. Akisimama na kusema, "Mwaka jana hapa hapa niliambiwa mwezi Machi," waziri awe anajua kwamba kweli aliambiwa.

7. Yale yanayojibiwa kwa maandishi.

Rasimu mbovu kuliko zote nilizozipata ziko kwenye kundi hili, na sababu naijua. Hakuna kamera, hakuna swali la nyongeza, hakuna Naibu Waziri wa kuwatazama kwa jicho kali. Mmeyaacha yawe ya mwisho na mmeyajaza maneno ya jumla.

Karatasi hiyo ndiyo inayosafiri mbali zaidi. Jibu la mdomo linapita na matangazo. La maandishi mbunge analiweka kwenye bahasha, anarudi nalo jimboni, anasimama kwenye mkutano wa kijiji na kulisoma mstari kwa mstari. Baadaye linatolewa nakala, linakaa ofisi ya kata, na miaka mitatu baadaye diwani analitoa kwenye faili. Hapo ndipo pa kuweka takwimu zote ambazo zingemchosha msikilizaji: jedwali la kila shule, kila kisima, kila kipande cha barabara kwa kilomita. Kanuni za Bunge zinamtaka waziri ajibu swali kwa ukamilifu kama lilivyoulizwa, na kwenye karatasi hamna kisingizio cha muda.

8. Madogomadogo.

Acheni nafasi ya kubadili "Mheshimiwa Spika" kuwa "Mheshimiwa Naibu Spika" au "Mheshimiwa Mwenyekiti", kwani kiti hubadilika asubuhi hiyohiyo. Ulizeni jina la kijiji linatamkwaje, kisha mweleze atakayelisoma; wananchi wanajua haraka kama anayezungumzia kwao amewahi kupasikia. Herufi ziwe kubwa. Sentensi ziwe fupi, zinasomwa kwa sauti. Namba ya swali iwe juu ya kila ukurasa, kurasa huchanganyika.

Kila jibu lenye tarehe ya ahadi liingizeni kwenye daftari siku hiyo hiyo: mbunge, jimbo, tulichoahidi, lini. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo, piga simu tena kule kule. Ikiwa ahadi imekwama, waziri asikie kutoka kwenu kabla hajasikia ukumbini.

Rasimu nilizozirudisha nazitaka Ijumaa. Chini ya kila moja, kwa penseli, andikeni cheo cha mtu mliyezungumza naye kijijini, namba yake ya simu na siku mliyozungumza. Isiyo na mstari huo sitaisoma. Na aliyeandikiwa swali la zahanati zile tatu aje kuniona kesho asubuhi na jedwali lake, tulipitie pamoja.