Unaingia kwenye maikroblogu? Anza kwa kujibu

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaotaka kuingia kwenye mitandao ya posti fupi ni hili: "Nikishafungua akaunti, niandike nini?" Wengi hufungua, wakaweka picha nzuri, wakaandika "Habari zenu, na mimi nimefika," kisha kimya. Hakuna anayeitikia. Baada ya wiki mbili tatu wanaifuta programu kwenye simu na kusema mambo haya ni ya watu maarufu.

Jibu langu huwa ni moja: usihangaike kwanza na cha kuandika, jibu wengine. Watu ninaowaona wakidumu humu na kunufaika, karibu wote walianzia kwenye mazungumzo ya wenzao. Mgeni akifika penye watu wanaozungumza haanzi kuhutubia. Anasalimu, anakaa, anasikiliza wanazungumzia nini, halafu anachangia neno. Mtandaoni mambo ni yale yale, ila skrini ya simu inatusahaulisha, kwa sababu kitu cha kwanza inachotuonyesha ni kile kisanduku kitupu kinachotuuliza kuna nini.

Ufupi wenyewe una asili yake. Ujumbe wa simu, SMS, ulipangiwa herufi 160. Twitter ilipofunguliwa mwaka 2006 ilikusudiwa itumike kwa SMS, basi zikatengwa herufi 20 kwa ajili ya jina la mtumiaji na 140 zikabaki za kuandikia. Mwaka 2017 zikaongezwa hadi 280. Leo Bluesky inakupa herufi 300, Threads 500, na Mastodon kwa kawaida 500, ingawa Mastodon imegawanyika katika seva, yaani kompyuta zinazoendeshwa na watu tofauti, na kila moja inaweza kujipangia kiwango chake.

Lakini kuna jambo kwenye historia hiyo ambalo napenda kila anayeanza alijue. Vitu vingi tunavyovitumia kila siku humu vilibuniwa na watumiaji, na kampuni ikavikuta. Kumtaja mtu kwa kuanza na alama ya @ ilikuwa desturi ya watu waliotaka kujibizana. Kusambaza maneno ya mwenzako ukitanguliza "RT", kifupi cha "retweet", kulianza kwa mkono, mtu ananakili na kubandika, hadi mwaka 2009 kitufe kilipotengenezwa. Alama ya reli (#) ya kukusanya mada moja ilipendekezwa na mtumiaji, Chris Messina, Agosti 2007. Ukivitazama vyote vitatu utaona vinafanya kazi moja: kumsaidia mtu azungumze na mwenzake. Ndiyo maana naamini anayetumia mitandao hii kama kipaza sauti tu anaikosa sehemu yake iliyo bora.

Watu wanaandika humu kwa sababu nyingi. Ipo habari inayofika haraka: Januari 2009 ndege ya US Airways ilipotua kwenye maji ya mto Hudson, New York, mtu aliyekuwa kwenye kivuko kilichokwenda kuwaokoa abiria alipiga picha kwa simu na kuiweka Twitter, na dunia ikaiona ndege ile ikielea huku abiria wamesimama juu ya mabawa. Watu wote 155 walinusurika. Wapo wanaotangaza kazi zao, wapo wanaofuata michezo na siasa, wapo wanaojiwekea kumbukumbu tu. Sababu hizo zinajulikana.

Sababu inayonifanya mimi nibaki ni ndogo kuliko hizo, na nitaieleza kwa mfano. Mtu mmoja ninayemfuata aliandika hivi: "Nimefunga cheni mpya kwenye baiskeli, lakini nikikanyaga kwa nguvu mlimani inaruka." Basi, hakuongeza kitu. Muda si mrefu mtu asiyemfahamu akamuuliza: "Gia za nyuma ni zile zile za zamani? Angalia ncha za meno. Kama zimechongoka, cheni mpya haitakaa." Mwenye baiskeli akapiga picha ya karibu, akaibandika. Meno yalikuwa yamechongoka kweli, yameegemea upande mmoja. Akaja wa tatu akaeleza sababu: cheni ikitumika muda mrefu pini zake hulika, ikarefuka kidogo kidogo, na meno ya gia nayo hulika kwa kuufuata urefu ule, ukileta cheni mpya yenye nafasi za awali, mzigo ukizidi haishiki. Wakamshauri abadilishe gia pamoja na cheni, na safari ijayo apime cheni mapema, kabla haijaharibu meno. Mimi si fundi baiskeli, na bado nilisoma hadi mwisho na nikajifunza kitu ambacho nisingekitafuta kamwe.

Iangalie posti ile ya kwanza. Ina jambo moja. Inasema tatizo linatokea lini: nikikanyaga kwa nguvu, mlimani. Ndilo lililompa yule wa pili pa kushika. Na haijamalizika. Kama angetaka kuandika makala, ingembidi kwanza alijue jibu, apange hoja, atafute kichwa cha habari. Posti fupi inakuruhusu kusema ukiwa bado hujui mwisho wake, mbele ya watu ambao huenda wakakumalizia. Hilo sijalipata kwa wepesi huo kwenye aina nyingine ya uandishi.

Sasa, unaanzaje?

Chagua mtandao kwa kuangalia watu wa jambo lako wako wapi. Usiuchague mtandao kwa sababu tu watu wanausifia. Kama mambo yako ni programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha, au uhuru wa watumiaji, utawakuta wengi Mastodon, ambako kuna seva nyingi zinazowasiliana, na unatakiwa kusoma kanuni za seva kabla ya kujiunga. Bluesky ilikuwa ya mwaliko hadi Februari 2024, sasa iko wazi, na watumiaji wake wanaweza kutengeneza mitiririko ya mada wanazozitaka. Threads ina urahisi kwa mwenye akaunti ya Instagram. X, iliyokuwa Twitter, bado ina watu wengi wa habari na michezo. Anza na mmoja. Ukijigawa mapema hutajulikana popote.

Wasifu wako uwe na jambo linaloshikika. "Mpenda maisha, mwenye ndoto kubwa" halimwambii mtu kitu. "Fundi saa. Naandika kuhusu saa za zamani za mkononi na vipuri vyake" linamwambia kila kitu: akufuate au asikufuate. Weka pia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili, siku hiyo hiyo unayofungua akaunti. Kuirudisha akaunti iliyoibwa ni kazi ngumu.

Kisha fuata watu wachache unaotaka kweli kuwasikia, na ukifungua programu nenda kwenye ukurasa unaoonyesha posti za unaowafuata kwa mpangilio wa muda. Mitandao mingi hukuwekea mbele ukurasa mwingine, unaopangwa na algorithimu, yaani programu inayokuchagulia posti, na huo hupenda kuleta kinachowasisimua watu. Mtu mpya akikaa huko siku tatu ataamini humu hakuna kitu ila ugomvi. Ugomvi upo, nakubali, lakini kiasi chake kwenye skrini yako kinategemea sana unaowafuata na ukurasa unaoufungua.

Hapo ndipo uanze kujibu. Na kujibu kuna ufundi wake. Usiende kwa mtu maarufu ambaye chini ya posti yake kuna majibu elfu, utapotea. Nenda kwenye posti yenye majibu mawili, au haina kabisa, ambayo mwandishi wake yupo na anasoma. Leta kitu: swali la kweli, jambo dogo unalolijua kutokana na kazi yako, au masahihisho yaliyosemwa kwa heshima. "Kweli kabisa" na vikatuni vitatu vya makofi ni adabu, lakini havifungui mazungumzo. "Na kwako ilichukua muda gani kukauka?" inafungua. Ukifanya hivi kwa wiki kadhaa utagundua lile swali la niandike nini limeondoka lenyewe, kwa sababu majibu yako yanakuwa marefu kuliko sehemu ya majibu inavyostahili. Ukiona jibu limekuwa refu hivyo, litoe, liwe posti yako.

Ukiandika, andika kitu kimoja na ukiseme mapema. Ndugu yangu mmoja aliniletea rasimu hii niiangalie kabla hajaiweka:

"Habari zenu wapendwa, natumaini mu wazima. Leo nilikuwa natafakari kuhusu suala la usomaji wa vitabu katika maisha yetu, na nimeona ni muhimu sana kila mtu ajenge tabia ya kusoma kwani kusoma kuna faida nyingi."

Nikamuuliza, kwani imetokea nini mpaka ukawaza hivyo? Akanieleza kwa mdomo, na alivyoeleza ndivyo tulivyoandika:

"Nilizoea kuacha vitabu katikati. Sasa nasoma kurasa kumi kila asubuhi kabla ya kushika simu, na nimemaliza viwili mwezi huu. Nani anaweza kusoma usiku? Mimi usingizi hunishinda."

Rasimu ya kwanza hakuna anayeweza kuipinga wala kuijibu. Ya pili ina mtu ndani yake, na swali lake ni swali ambalo yeye mwenyewe anataka jibu. Salamu tumeitoa, na hilo lilimpa taabu kidogo kwa sababu tumelelewa kusalimu kwanza. Lakini posti inapita katikati ya nyingine nyingi, na mstari wa kwanza ndio unaoamua kama mtu ataendelea kusoma. Heshima yako itaonekana kwenye namna unavyowajibu watu.

Jambo likiwa refu, liandike kama uzi, yaani posti kadhaa zilizounganishwa, ila hakikisha posti ya kwanza inajitosheleza, maana hiyo ndiyo itakayosambazwa, mara nyingi ikiwa peke yake. Ukiweka picha, jaza sehemu ya maelezo ya picha. Wasioona hutumia programu inayowasomea skrini, na picha isiyo na maelezo kwao ni kimya kitupu. Mstari mmoja unatosha: kuna nini, na kwa nini umeiweka.

Kuhusu kusambaza habari nina msimamo mkali. Tukio kubwa likitokea, picha za zamani hufufuliwa na kupewa maelezo mapya, na wanaozisambaza wengi wao ni watu wema wenye haraka. Kabla hujabonyeza, tafuta chanzo cha picha kwenye mtambo wa kutafutia, angalia tarehe, angalia kama aliyeandika yuko eneo la tukio au anasimulia alichosikia. Ukikosa uhakika, iache. Habari ya kweli haitaharibika kwa kuchelewa nusu saa mikononi mwako.

Usitaje mahali ulipo ukiwa bado upo, taja ukishaondoka. Usiandike ukiwa na hasira, maana kufuta hakusaidii pale mtu anapokuwa ameshapiga skrinishoti. Na mtu akikusumbua, mnyamazishe au mzuie bila kumweleza sababu. Watu wapya huona haya kuzuia, wakidhani ni ukosefu wa adabu. Mimi nazuia bila kusita anayekuja kutukana, na mazungumzo yangu yamekuwa bora kwa sababu hiyo.

Idadi ya wafuasi iache ikue yenyewe. Wapo watu wenye wafuasi wachache sana ambao wakiuliza swali wanapata majibu matano mazuri, na zipo akaunti kubwa ambazo zikiuliza hupata kelele.

Jambo la mwisho ni la kiufundi na wengi hulipuuza. Mitandao hii hufa au kubadilika. Pownce ilianza 2007 na ikafungwa 2008. Koo ya India ilifungwa 2024. Twitter iliuzwa kwa Elon Musk Oktoba 2022, na Julai 2023 jina lenyewe likabadilishwa kuwa X. Ukihama seva ndani ya Mastodon unaweza kuhama na wafuasi wako, lakini posti zako za zamani hubaki kule ulikotoka. Kwa hiyo posti unazozipenda, hasa nyuzi ulizozitolea jasho, zihifadhi mahali pako mwenyewe, hata kama ni faili la kawaida tu kwenye kompyuta. Na mara kwa mara ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tafuta sehemu ya kupakua data yako, uombe nakala. Baadhi ya mitandao huchukua siku moja au zaidi kuiandaa, kwa hiyo iombe mtandao ukiwa mzima, kabla hujasikia tangazo la kufungwa.