EL34 moja ikifa, nunua mbili

Kaka, umeuliza kama ubadilishe ile EL34 (valvu ya kutoa nguvu ya sauti) moja tu iliyokufa kwenye Dynaco ST-70 yako, ile amplifaya ya valvu. Usifanye hivyo. Valvu mbili za kila upande zinatumia rezista moja ya omu 15.6, kwa hiyo multimita inakuonyesha jumla ya mkondo wa zote mbili tu. Moja ikibeba mzigo wa mwenzake hutajua. Nunua jozi iliyolinganishwa, yaani valvu mbili zilizopimwa zikavuta mkondo karibu sawa.

Unganisha spika, washa, ngoja dakika kumi, kisha rekebisha bayasi (mkondo unaopita kwenye valvu hata bila muziki) hadi volti 1.56 kwenye rezista hiyo, yaani miliampea 50 kwa kila valvu. Mimi huishia 1.25, sauti sisikii tofauti, na valvu hazichemki sana. Sahani ya chuma ndani ya valvu ikiwa nyekundu, zima hapo hapo.

Pimia kwenye soketi za mbele ya amplifaya. Usifungue chini, kuna volti zaidi ya 400.