Guangzhou zaidi ya Mizigo

Kila mwaka nafuata mzigo Guangzhou, China, na naishia mtaa wa Xiaobei tu. Nikipata nusu siku, nikaone jengo gani? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Nenda Msikiti wa Huaisheng, ndugu yangu, si mbali na hapo. Mnara wake ni mviringo na mweupe, mita 36 hivi, haufanani kabisa na pagoda, ile minara ya ghorofa ya Wachina. Wenyeji wanauita Guangta, mnara wa mwanga, maana zamani mto ulipita karibu na taa ya juu iliongoza vyombo. Mapokeo yanasema aliyeujenga ni Sa'd ibn Abi Waqqas, sahaba wa Mtume. Wanahistoria wengi wanasema ulijengwa baadaye kuliko hapo. Bahari iliyowaleta Waarabu na Waajemi Kilwa ndiyo iliyowafikisha huko pia.

Nyumba za zamani zilivumiliaje joto kabla ya viyoyozi? (Mwanafunzi wa usanifu majengo, Mombasa)

Swali hili nalipenda kuliko yote. Barabarani kuna qilou, maduka yaliyoenea kuanzia miaka ya 1910, kuta za mji zilipobomolewa na njia kupanuliwa. Ghorofa ya juu imesogezwa mbele ikabebwa na nguzo, mpita njia akapata kivuli na pa kujisitiri mvua. Ukitaka kuziona, tembea Barabara ya Enning.

Mtaa wa Xiguan una milango mitatu kwa nyumba moja. Wa kwanza mfupi, unazuia macho ya wapitao. Wa pili, tanglong, ni fito nene za mviringo zilizolazwa, unausukuma pembeni. Idadi ya fito kwa kawaida ni witiri. Wa tatu ni ubao mzito. Mchana ubao huachwa wazi na fito zikafungwa: upepo unapita, mwizi anabaki nje. Kila nikiona jengo la vioo likipandishwa kwenye joto la pwani yetu, nautamani mlango huo.

Mwanangu anasoma huko, kaniletea picha za kisiwa cha Shamian. Mbona kama Ulaya? (Mama, Tanga)

Kwa sababu ya Vita vya Pili vya Kasumba, Uingereza na Ufaransa dhidi ya China, mama. Mwaka 1861 Uingereza ilijitwalia sehemu nne kati ya tano za kisiwa, Ufaransa ikachukua iliyobaki. Wakajenga ofisi za balozi ndogo, benki na makanisa, mfereji ukiwatenga na mji. Majengo ni mazuri, na ardhi ilichukuliwa kwa mabavu. Mwanao ayajue yote mawili.

Ule mnara wenye kiuno chembamba hauogopi tufani? (Msomaji, Bukavu)

Canton Tower, mita 600 pamoja na mlingoti, ulifunguliwa mwaka 2010. Waliouchora ni Mark Hemel na Barbara Kuit wa Uholanzi. Shika fungu la vijiti kwa mikono miwili, juu na chini, kisha zungusha mkono mmoja: kiuno kinajitokeza, na hakuna kijiti kilichopinda. Ndivyo zilivyo nguzo zake 24 za chuma zilizojazwa zege, zimenyooka ila zimeinama. Sehemu kubwa ni wazi kama tenga, upepo unapenya. Huko juu matangi ya maji ya zimamoto yana kazi ya pili, yanasogea kupingana na mnara unapoyumba.

Kabla ya kulipia kupanda, utazame kwanza kutoka ng'ambo ya mto, jirani na jumba la opera lililochorwa na msanifu Zaha Hadid, magharibi inapoingia na taa zinaanza kuwaka.