Barua kwa mwanangu: chumba cha Matonge au cha Schaerbeek

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma, nikairudia tena usiku baba yako ameshalala, manake nilitaka nikujibu kwa utulivu, sio kwa voisi noti za haraka haraka. Umeniuliza ukifika Brussels kwa ajili ya hiyo masta ya chuo cha VUB uchukue kile chumba cha mtaa wa Matonge, ukae karibu na Wakongo wanaoongea Kiswahili, au kile cha upande wa Schaerbeek, humo humo mjini, kwenye nyumba ya wanafunzi wa kila taifa, af ukasema unaogopa ukikaa na Waafrika wenzako hutajifunza kitu na ukikaa mbali nao upweke utakumaliza. Jibu langu ni Schaerbeek, ila sababu zangu sio hizo zako, kwahiyo nisikilize.

Matonge we unaiwaza kama Mwanga ya hapa Kigoma, watu wetu mlango kwa mlango. Sivyo. Wengi unaowaona pale mchana hawalali pale, wanakuja kusuka, kununua vyakula, kuonana na ndugu, jioni wanapanda basi wanarudi wanakoishi. Ilianza miaka ya 60, kulikuwa na nyumba ya kufikia wanafunzi wa Kikongo huko Ixelles, manispaa ilipo Matonge, wengine wakafuata, maduka yakafuata, na jina wakalitoa Kinshasa. Sasa kutoka pale kwa mguu tu unafika Bunge la Ulaya, na ndo maana kodi za maeneo yale ziko juu. Utalipa hela nyingi kukaa karibu na watu ambao usiku hawapo.

Lakini kwenda nenda, tena nenda Jumamosi. Shuka Porte de Namur, fuata Chaussée de Wavre, ingia kwenye ile galerie, njia ya maduka iliyoezekwa, yenye saluni nyingi. Enzi zangu miaka ya tisini nilikuwa na msusi wangu mmoja mama wa Bukavu, unakaa kwenye kiti chake asubuhi unatoka jioni, pembeni yako kuna dada wa Bujumbura na mwingine wa Kigali, Kilingala ndo kinatawala chumba lakini msusi wangu akisikia Kiswahili chako cha Kigoma anaacha kichwa cha watu katikati anakuja kukusalimia. Mkononi ana rasta, mdomoni ana habari zote, daktari gani anamsikiliza mgonjwa, mwenye nyumba gani wa kumkimbia, duka gani limeshusha dagaa na kisamvu, wao wanakiita pondu. Mi vitu vya maana vya mji ule nilivipata kwenye kile kiti kuliko kwenye karatasi zozote za chuo. Hiyo ndo Matonge, mwanangu, unaenda unashiba unarudi.

Sasa Schaerbeek. Unasema unataka kuwazoea Wazungu, mi nakuuliza Wazungu wapi? Ripoti ya shirika la uhamiaji la kimataifa IOM ya mwaka 2015 iliuweka mji wa Brussels wa pili duniani kwa wakazi waliozaliwa nje ya nchi, nyuma ya Dubai, watu 62 katika kila 100 wamezaliwa nje ya Ubelgiji. Huko Schaerbeek utakutana na Waturuki kwenye Chaussée de Haecht, Wamoroko wako kila kona, babu zao waliletwa kwa mikataba ya kazi ya mwaka 1964 kwenda kufanya kazi migodini na viwandani, wajukuu ni wenyeji kama mwenyeji mwingine yeyote. Halafu wafanyakazi wa Umoja wa Ulaya, Wapoland, Waromania, Wakongo. Hakuna kundi la kujiunga nalo ukasema sasa nimekuwa mtu wa Brussels. Wanachoshirikiana wote hao ni Kifaransa, kila mmoja na lafudhi yake, na ndo sababu yangu kubwa ya kukupeleka kwenye ile nyumba, jikoni kwenu kitakuwa Kifaransa utake usitake.

Najua masomo yako ni ya Kiingereza. Nayajua hayo, nilisoma hivyohivyo. VUB ni chuo cha lugha ya Kiholanzi, jirani yake ULB ni cha Kifaransa, walikuwa chuo kimoja wakatengana mwishoni mwa miaka ya 60 kwa ajili ya lugha, kwahiyo usidhani lugha ni jambo dogo kule. Ndani ya geti Kiingereza kinakutosha kabisa. Nje ya geti nesi, mwenye nyumba, mama wa dirishani pale komuni, yaani ofisi ya manispaa, wanakupenda zaidi ukijaribu hata kama unavunja vunja. Jiandikishe darasa la jioni wiki ya kwanza, usisubiri uzoee kwanza, kuzoea kunakuja kwa kuongea.

Na hiyo komuni usiichezee. Una siku 8 tu za kazi za kwenda kujiandikisha baada ya kufika. Ukishatoa anwani watamtuma polisi wa mtaa aje kuhakikisha kweli unaishi hapo, na haji kwa miadi. Kwahiyo siku unayoingia, kabla hata hujafungua begi, chukua kikaratasi uandike jina lako vizuri ubandike kwenye kengele na kwenye sanduku la barua. Asipoliona jina anaondoka na kitambulisho chako kinachelewa, bila kitambulisho hufungui hiki wala kile. Dipoziti ya chumba nayo iwekwe benki kwenye akaunti ya jina lako iliyozuiwa, isiyotolewa hela ovyo, usimpe mtu mkononi hata akiwa mpole vipi. Kazi ni masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, usizidishe.

Kuna watakaokukwaza pia, sikufichi. Wapo wenye nyumba wakisikia jina lako kwenye simu chumba kinakuwa kimeshachukuliwa ghafla. Ikitokea andika tarehe na maneno aliyosema, taasisi inaitwa Unia inapokea malalamiko hayo. Usilie peke yako chumbani, hasa Desemba, jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama, giza lile linamwingia mtu. Toka nje hata kama baridi.

Na usitembee kule kama mtu aliyeomba kupita. Karibu na Grand-Place kuna mtaa unaitwa Rue de Tabora, Tabora yetu hii hii, jeshi la Wabelgiji liliitwaa Septemba 1916 na askari wengi walikuwa Wakongo, na hapa kwetu Kigoma bandarini bado tunasema Belbase, ile sehemu waliyokuwa nayo Wabelgiji. Pale mlangoni mwa Matonge kuna uwanja wa Patrice Lumumba, Waafrika wa kule walipigania miaka wakaupata tarehe 30 Juni 2018. Na siku moja panda tramu namba 44 pale Montgomery uende mpaka Tervuren, usiishie kwenye yale makumbusho ya Afrika tu, pita kanisani uone makaburi 7 ya Wakongo walioletwa kuonyeshwa kwenye maonyesho ya mwaka 1897 wakafa huko. Waombee. Mi nilisimama pale nikalia na naona kila mtoto wetu anayesoma Ubelgiji inampasa afike.

Kwahiyo chumba ni cha Schaerbeek, tramu namba 25 inakupeleka mpaka stesheni ya Etterbeek na chuo kiko hapo hapo. Yule Mkongo wa chumba cha Matonge mwandikie leo kwa heshima umshukuru, mwambie utakuja kumsalimia, usimwache anasubiri. Na ule mkataba usiusaini kabla hujanitumia niusome, baba yako pia anataka kuuona.

Mama yako