Gesi ya vifuu: shughulika na lami kwanza

Ukitaka kuendesha pampu ya maji kwa gesi ya taka za shamba, jua mapema kwamba kupata gesi si kazi. Jaza tanuri, washa, libanie hewa, gesi itatoka. Kazi ni lami, ule utomvu mweusi unaotoka pamoja na gesi. Gesi ikipoa, lami huganda kwenye mabomba na valvu mpaka injini inanata.

Mimi hutumia vifuu vya nazi hapa Malindi, na kila anayeniuliza humwambia aanze navyo: ni vizito, majivu yake machache. Maganda ya korosho yaache, mafuta yake yanababua ngozi na moshi wake unaumiza kifua. Makumbi yaliyofukiwa kwenye matope ya pwani kwa ajili ya kusokota kamba nayakataa pia. Yamekunywa chumvi, na klorini iliyomo kwenye chumvi hula chuma. Chochote utakachotia, kianike mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20, maana maji hupoza tanuri, na tanuri likipoa lami huzidi.

Kisha kichocheo, yaani kitu cha kusaidia lami ivunjike. Vijana wengi hutamani nikeli. Ni kweli huivunjavunja lami ikawa haidrojeni na monoksidi ya kaboni, gesi zinazowaka, lakini salfa huiua nguvu, kaboni huifunika, bei yake kali, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Anza na tulicho nacho: makaa ya vifuu vyenyewe, na chokaa. Mji wa Lamu umesimama kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe hayo hayo. Chokaa hiyo, kabla haijatiwa maji, huvunja lami vizuri gesi ikipita katikati yake, mradi joto likae nyuzi 850 hadi 900 za Selsiasi. Likishuka sana, chokaa hufyonza kaboni dioksidi ikarudi kuwa jiwe, na kazi imekwisha. Ndiyo maana nasema nunua kipimajoto cha tanuri kabla ya injini. Chokaa pia husagika. Weka kichujio cha vumbi baada yake, kabla gesi haijafika kwenye injini.

Na tafadhali, mtambo usiuweke ndani wala jikoni. Monoksidi ya kaboni haina harufu, na huua mtu amelala. Usifungue tanuri likiwa na moto, hewa ikichanganyika na gesi hulipuka. Chagua mahali ambapo upepo wa kaskazi na wa kusi, wote wawili, hautapeleka moshi kwenye madirisha ya jirani.